Mwendo wa Saa Mbili kwa Ndege

Gia Lam, Hanoi
4 Oktoba 1993

Kwako Dada Nhanh,

Mimi ni Khue, mke mdogo wa marehemu Thoai. Hatujawahi kuonana wala kuandikiana, ukiacha ile telegramu niliyokupelekea siku alipofariki. Barua hii nimeianza mara kadhaa na kila mara nimeichana, maana sijui mke mdogo anaanzaje kumwandikia mke mkubwa. Basi naanza kwa kukuamkia. Shikamoo, Dada.

Nakuandikia kwa jambo moja. Mwezi ujao Thoai, baba Kien kama nilivyozoea kumwita, anatimiza miaka mitatu chini ya ardhi. Kwetu huku ikifika miaka mitatu tunamfukua mtu wetu, tunaiosha mifupa na kumlaza upya mahali pa kudumu. Hufanywa wakati wa baridi, kabla ya mwaka mpya wetu wa mwezi Februari. Kaburi alilomo sasa ni la muda tu, na mahali pa kudumu bado hatujapachimba.

Nataka nikupe wewe. Siku zile za mwisho alisema arudishwe kusini, akalale kwa wazazi wake, karibu nawe. Sikukuambia wakati ule kwa sababu safari ya maiti isingewezekana, na mimi mwenyewe sikuwa na akili timamu. Sasa ni mifupa, inaingia kwenye kijisanduku cha udongo ambacho mtu anakipakata.

Kien, mkubwa wa watoto wetu, anafanya kazi posta, na amekwenda kuulizia ndege. Anasema kutoka hapa hadi Saigon ni kilomita elfu moja na mia moja na ushee, mwendo wa saa mbili. Asubuhi unakunywa chai Hanoi, mchana unakula kwenu. Nilimwambia arudie, nikidhani ananitania. Mimi safari hiyo nilizoea kuisikia ikihesabiwa kwa siku.

Niambie unataka aje lini, nami nitajipanga.

Ni mimi mdogo wako,
Khue


Phu Nhuan, Saigon
25 Oktoba 1993

Bi Khue,

Marahaba. Barua yako imeingia mafuta, maana niliisomea gengeni huku nageuza nyama. Nauza wali wa chenga na nyama ya kuchoma, kama hukuambiwa. Nadhani hukuambiwa mengi.

Sasa nikuulize, mwanamke mwenzangu, kumfukua mtu? Mwosha huoshwa, nakubali, lakini huoshwa mara moja. Huku kwetu mtu akizikwa amezikwa, anaachwa apumzike. Nilipofika kwenye neno mifupa nilisahau mkaa, nyama ikaungua, na mteja mmoja akauliza, "Leo unatuuzia makaa?" Nikamwambia ale anyamaze.

Baba yake nilimzika mimi mwaka sitini na tatu, mama yake mwaka sabini na moja, huko Hoc Mon. Mama yake nilimuuguza miaka sita, namlisha uji kwa kijiko, na kila asubuhi ananiuliza kama Thoai amekwisha fika. Kati ya kaburi la mama huyo na mahali nilipojitengea mimi nimeacha nafasi ya mtu mmoja. Naipalilia mwaka hadi mwaka. Watu walinicheka, wakasema unamtunzia nani nyasi. Nikawajibu mume wangu yuko mbali. Wakasema asiyekuwapo na lake halipo. Lake lipo, kwa sababu mimi nilikuwapo.

Kwa hiyo akija ana pa kulala. Lakini kwa ndege sikubali. Nyumba yangu iko karibu na uwanja, ndege zinapita juu ya bati langu mpaka vikombe vinatetemeka, nazijua. Na wewe unajua kama nijuavyo mimi kwamba maiti akivushwa mto lazima aambiwe: "Thoai, tunavuka daraja, fuata." Unatupa sarafu yake majini, roho inapita. Sasa huko juu mawinguni nani atamwambia? Mito mingapi iko kati yangu na wewe? Nitapokea kijisanduku na mwenyewe amebaki kwenye ukingo wa mto wa kwanza anauliza njia. Huyo amekwisha kubaki mara moja, inatosha. Mpandishe treni.

Na jambo la mwisho. Alisemaje? Nataka maneno yenyewe kama alivyoyatamka. Niliishi naye miezi minne, kisha mwaka hamsini na nne nchi ikakatwa vipande viwili, akapanda meli ya kwenda kaskazini na kuniambia ni miaka miwili tu. Baada ya hapo nimekuwa napewa habari zake nusunusu. Safari hii nipe nzima.

Nhanh


Gia Lam, Hanoi
12 Novemba 1993

Dada Nhanh, shikamoo.

Pale nyama ilipoungua nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Usituone watu wa kaskazini kuwa makatili. Tunachemsha maji na majani ya kunukia, tunaosha mfupa mmoja mmoja kwa kitambaa, na muda wote tunaongea naye, tunampa habari za watoto na bei za vitu. Ni kama kumwogesha mtoto mchanga. Kwetu mtu anayeachwa kwenye tope bila kuoshwa ni yule asiye na ndugu. Ningeona aibu mbele yako kama ningemwacha hivyo.

Treni ni karibu siku mbili, Dada. Daktari amenikataza kukaa kitako kwa muda mrefu hata kwenye sinema. Anasema moyo wangu una mlango mmoja usiofunga vizuri. Kien hana likizo. Binti yangu Thao ananyonyesha. Kuhusu mito nimemuuliza bibi mmoja wa hekaluni kwetu, mjuzi wa mambo ya wafu. Alifikiri sana, akatema tambuu, akasema nipakate sanduku na kila baada ya kitambo nimwambie tu "tunavuka," maana huko chini hakukosi mto. Sijui kama hiyo ni dini au ni ujanja, ila nakuletea kama nilivyoambiwa.

Umeniuliza maneno yenyewe. Alikuwa amelala akiangalia ukutani. Akageuka, akanishika mkono, akasema: "Nirudishe nyumbani kwa Nhanh. Mwambie Nhanh anisamehe. Sijamsahau hata siku moja." Hivyo ndivyo alivyosema. Kisha akaomba maji.

Tafadhali nikubalie ndege.

Mdogo wako,
Khue


Phu Nhuan, Saigon
30 Novemba 1993

Bi Khue,

Alisema Nhanh?

Nikueleze jambo la huku kwetu ambalo naona hamlijui. Sisi watu wa kusini hatuitani majina. Mtu anaitwa kwa hesabu ya kuzaliwa kwake, na hesabu inaanzia Pili, si Moja, ili mashetani wasijue nani mkubwa wakamchukua. Mimi ni mtoto wa tano, kwa hiyo mimi ni Sita. Sau, kwa lugha yetu. Mama yangu aliniita Sau. Wateja wananiita Sau. Thoai aliniita Sau tangu siku ya posa mpaka siku ya meli, na gatini alipokuwa anapunga mkono alipiga kelele "Sau" hadi watu wakageuka. Nhanh ni jina la kwenye kitambulisho na kwenye bahasha. Wewe umelitoa kwenye bahasha.

Njia ya mwongo ni fupi, Bi Khue. Ni fupi kuliko hiyo ya ndege yenu.

Unajua ulichonifanyia? Barua yako nilikaa nayo wiki nzima kabla kichwa hakijafanya kazi. Niliifunga kwenye kitambaa nikaiweka chini ya mto. Pale aliposema hajanisahau hata siku moja nilipasoma mpaka karatasi ikalegea. Nikajiambia basi, imetosha, sasa naweza kuzeeka kwa raha. Nimemwita fundi wa makaburi. Nimewaambia majirani kwamba anarudi, na wale walionicheka wameniletea vijiti vya ubani kwa heshima. Halafu usiku mmoja najigeuza kitandani, nasikia sauti ya Thoai ikisema "Nhanh," na nikajua hapo hapo kwamba hiyo si sauti yake. Umenilisha kisha umenitolea tonge mdomoni.

Sema alisema nini. Kama hakusema kitu, sema hakusema kitu. Mimi si mtoto wa kutulizwa kwa peremende.

Sau


Gia Lam, Hanoi
14 Desemba 1993

Dada Sau,

Nakuita hivyo kama utaniruhusu. Umenikamata, na sina pa kujificha.

Baba Kien alisema alazwe hapahapa Gia Lam, kwenye mwinuko kando ya reli, mahali ambapo atasikia treni zikiingia darajani. Alisema hivyo mbele yangu na mbele ya watoto, zaidi ya mara moja. Kuhusu wewe, siku zile za mwisho hakusema neno.

Lakini barua hii usiichane bado. Baada ya vita, reli ilipounganishwa tena, alifunga begi kuja kwako. Nilimpikia wali wa kunata wa njiani, nikaufunga kwenye majani ya mgomba, nikamsindikiza mpaka kona. Jioni akarudi, akasema treni imejaa. Miaka michache baadaye akafunga begi tena, nikafunga wali tena, na jioni akarudi tena. Treni imejaa. Fundi wa reli anakosa kiti kwenye treni, Dada, na mimi nikajifanya nimeamini. Ile mara ya pili alikaa kwenye ngazi na viatu vyake mguuni, begi magotini, mvua ikaanza na hakuingia. Mabomu hakuyaogopa, kwa hilo mimi ni shahidi. Alimwogopa mwanamke aliyemzikia wazazi wake.

Nilidanganya kwa nini? Mimi nilipata watoto watatu na miaka thelathini. Wewe ulipata wazee wawili wa kuuguza na nyasi za kupalilia. Siku tulipokaa na watoto kupanga pa kumlaza niliona kama nimekwisha kula sahani yangu na sasa navuta na yako. Nikasema nikupe mifupa. Ila nilijua kwamba kitu kikitoka kwangu ungekitupa jalalani, na ungekuwa na haki. Ilibidi kitoke kwake. Yeye hakukitoa, kwa hiyo nikamwekea maneno mdomoni, na hata hayo nikayakosea.

Mifupa bado ni yako. Jana nimewaambia watoto; mpaka jana Kien alidhani ile ndege ni ya mimi kuja kukuona tu. Kien hanisemeshi, anasema nampeleka baba yake mahali asikotaka. Nimemjibu kwamba baba yake alikaa maisha yake yote mahali alipotaka, na kuna mtu aliyelipia.

Tunafukua tarehe 15 Januari, alfajiri. Baada ya hapo nitamleta kwa treni kama ulivyosema, na moyo ukilalamika utalalamika njiani. Nijibu ndiyo au hapana.

Khue


TELEGRAMU
Saigon, 9 Januari 1994

USIJE. NAKUJA MIMI KWA NDEGE TAREHE 14. NITAMCHUKUA MWENYEWE. KATA TIKETI YA TRENI YA KURUDI. SAU


Phu Nhuan, Saigon
25 Januari 1994

Mdogo wangu Khue,

Nimefika salama. Miguu imevimba lakini inashuka. Najua una maswali, na nakushukuru kwamba pale stesheni hukuuliza hata moja. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana tulipokuwa pamoja nilikuwa mtu wa kununa na huenda hukunielewa.

Kwanza ile ndege. Ulinipokea uwanjani ukaniona macho mekundu, ukasema ni upepo. Haukuwa upepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari, mtoto wa kike mwenye akili zake. Nilibeba tambuu, wali wa kutosha siku mbili, blanketi, dawa ya tumbo. Wakatuletea chai. Nikawa naipuliza ipoe, nikaipuliza, sijafika nusu kikombe nikasikia tunaambiwa tufunge mikanda, tunashuka. Nikamuuliza kijana aliyekaa kando yangu, "Imeharibika?" Akasema, "Hapana bibi, tumefika Hanoi." Nikasema, "Acha utani na watu wazima." Akanionyesha dirishani.

Watu wote wakashuka mimi nimekaa. Yule binti wa ndege akadhani miguu imekufa ganzi, akaanza kunikanda. Mimi nilikuwa nafikiria maneno yangu. Tangu nikiwa na miaka ishirini nimekuwa nikiwaambia watu mume wangu yuko mbali. Nilimwambia mama yake hivyo mpaka akakata roho. Niliwaambia wanaume walionitaka, na walikuwapo, usinione hivi. Wakati wa vita alikuwa mbali kweli, hata barua haikupita. Lakini ile miaka kumi na mitano baada ya vita? Najua tiketi ilikuwa ngumu, najua ndege zilikuwa za wakubwa na treni ilijikokota. Hata hivyo mtu husafiri siku tatu kwenda kununua nguruwe. Nilipokaa kwenye kile kiti, na chai bado iko ulimini, nilijua kwamba Thoai hakuwa mbali. Alikuwa kwake. Mbali nilikuwa naiweka mimi, ili nipate kuishi.

Kwa hiyo usidhani nilishuka nikiwa na upendo. Nilishuka na hasira. Nilitaka kumchukua kwa sababu hakutaka kuja. Nilisema nitamlaza kati ya mama yake na mimi kwa lazima, akae pale asikilize, kila siku ya kupalilia nimwambie yangu. Nilikwisha yapanga maneno ya kuanzia.

Halafu alfajiri ile makaburini. Nilikuwa nimejiapiza sitaigusa mifupa, nitasimama kando niwaangalie ninyi na mila zenu. Wewe ukanipa kitambaa kama unayempa mtu ufagio, bila kuniangalia. Nikajikuta nimechuchumaa. Ukanipa mfupa wa mguu wa kushoto ukasema, "Huu taratibu, Dada, ulivunjika daraja lilipopigwa. Baridi ikija unamuuma." Ulisema unamuuma. Nikautazama ule uvimbe pale ulipojiunga, nikautafuta kwenye kumbukumbu zangu, sikuuona. Mtu wangu mimi alikuwa na miguu mizima na miaka ishirini na sita. Kila mfupa ulionipa ulikuja na habari yake, huu aliuumiza alipoteleza kwenye grisi ya mashine, huu ulikuwa unalia akipanda ngazi, na mimi naitikia tu kama mgeni anayetambulishwa kwa wakwe. Nilikuwa naosha mtu nisiyemjua.

Nilimjua kwa jino tu. Lile la mbele lililomeguka. Ukaniambia kwa huzuni kwamba hilo ni la vita, na mimi nikakwambia ni la muwa, nyumbani kwa shangazi yangu, alikuwa anajionyesha mbele ya wasichana kwamba anaumenya kwa meno. Ukainama ukalitazama upya. Kisha ukasema, "Miaka thelathini nimelihurumia jino hilo." Tukacheka mpaka Kien akaja kuangalia kama tumerukwa na akili. Ndugu yangu, sijacheka hivyo tangu sijui lini, na nilikuwa nimeshika kichwa cha mume wetu mkononi.

Pale ndipo hasira iliponiishia, na bila hasira sikuwa na sababu nyingine ya kumchukua. Nilibaki kuikokota siku mbili zaidi kwa ubishi. Stesheni, ulipoliweka sanduku mapajani mwangu na kuanza kulifunika na shali yako ili lisipate baridi, nilikuona unavyolifunika. Nikakurudishia. Kien akapanda mpaka kwenye behewa, akaniwekea mto mgongoni, akaniita Mama Mkubwa. Mtoto wa mtu ameniita mama, na nimefika umri huu sijui mtu anaitikia vipi. Nilimwambia ashuke, treni itamwacha.

Basi nikarudi peke yangu, na ile tiketi nilikuwa nayo, ningeitupa ya nini. Daraja la kwanza likaja, magurudumu yakabadilisha sauti, na mkono wangu ukaenda kwenye sarafu nilizokuwa nimemwandalia. Nikakumbuka hayupo. Nikakaa nazo kiganjani. Treni ilipokuwa katikati ya mto nikasikia mdomo wangu unasema, "Sau, tunavuka, fuata." Nikairusha. Mtu wa mbele akanitazama, nikamtazama, akarudi kwenye gazeti lake. Kila mto nimefanya hivyo, mchana na usiku, mpaka sarafu zikaisha nikawa naomba chenji kwa wauza chai. Miaka thelathini na tisa roho yangu ilikuwa imekaa huko kwenu ikimsubiri. Nimeirudisha nyumbani, yote, mto kwa mto.

Majirani wameniuliza yuko wapi. Nimewaambia yuko kwake. Hawakuelewa, na sikuwa na nguvu za kueleza. Ile nafasi ya Hoc Mon nimeipanda mchaichai, huwa nautumia sana gengeni na sokoni siku hizi wanauza mkavu.

Mlaze pale anapotaka. Usinipelekee picha ya kaburi. Mwaka mpya ukipita njoo, lakini njoo kwa ndege, huo mlango wa moyo usije ukafunguka kwenye treni. Utanikuta. Muulize yeyote wali wa Sau.

Dada yako,
Sau


Gia Lam, Hanoi
3 Februari 1994

Dada Sau, shikamoo.

Barua yako nimewasomea watoto wote, isipokuwa pale ulipotaja wanaume waliokutaka. Hapo nilipasoma peke yangu nikafurahi kwa niaba yako.

Sasa naweza kukuambia. Uliponirudishia sanduku pale stesheni nilikaa chini juu ya mizigo ya watu. Nilikuwa nimekwisha kumuaga. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wewe ulipolala, nilikaa na lile sanduku jikoni, nikamwambia aende salama na awe na adabu kwako. Nilikuwa nimejikaza, nikasema ni haki yako, na ni haki kweli, lakini iliuma, Dada, iliuma kuliko siku alipokufa. Sikukuambia kwa sababu wewe ulikuwa umeyabeba makubwa zaidi na hukumlilia mtu. Kien tumeshapatana.

Jana tumemlaza kwenye mwinuko. Kulikuwa na manyunyu. Thao alikuja na mtoto mgongoni, na wazee wa reli watatu waliobaki. Wakati wa kufunika, mke ndiye husema neno la mwisho, na kwetu mtu husema lala pema, utuangalie, utubariki. Nilikuwa nimelijifunza hivyo. Miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumpandishia sauti, mama yangu alinilea kwamba mume hapandishiwi sauti, na pale kwenye ngazi, mvua ilipomnyeshea na begi lake, nilimletea mwavuli nikanyamaza.

Nilipoinama kutupa udongo, lile neno la kujifunza halikuja. Nikasema kwa sauti, wote wakisikia, "Baba Kien, Dada Sau amekuja. Wewe hukwenda. Yeye amekuja, amekuosha, amekuacha ulale unapotaka." Wale wazee wakatazama chini. Nikangoja kidogo, kama vile angejibu, kisha nikawaambia wafukie.

Mdogo wako,
Khue